Anayepiga Ndiye Anayebeba

Mara ya kwanza Mnyapara kunigusa, alinipiga. Lilikuwa kofi la kisogoni, la mkono wazi, na masikio yangu yakalia kama spika iliyopasuka. Nilikuwa nimemaliza kunyanyua, mikono imechoka, nikaachia chuma kikaanguka chini. Nilikuwa nimewaona vijana kwenye simu wakifanya hivyo: wanaachia, kinadunda, wanapiga kelele, wanaonekana wanaume. Yeye hakuniuliza hata jina. Alisema, "Hapa hatutupi kitu chini," kisha akainama, akakiokota kile chuma na kukirudisha mahali pake taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Nimeiandika aya hiyo na kuifuta mara nyingi kuliko nilivyo tayari kukiri. Ndivyo nilivyo. Mimi ni fundi simu pale mjini Lushoto, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kuharibu simu za ndugu zangu, na hata leo nikishafunga skrubu za simu ya mteja naifungua tena kuangalia kama sikusahau kitu. Mteja anasimama mbele yangu anasonya. Kuandika nako nimejifundisha mwenyewe, kwa hiyo ninaogopa. Ila siku tuliyomzika Mnyapara ilisomwa historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliajiriwa wapi, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Kila kitu kilikuwa sahihi na hakikuwa yeye. Hakuna aliyetaja ngumi zake. Hakuna aliyemtaja mtu aliyembeba. Basi hayo ya kuzaliwa nayaruka, yameshasomwa.

Tulimwita Mnyapara kwa sababu alikuwa mkuu wa chama chetu, ambacho wenyewe tunakiita Undugu tu. Uwanja wetu uko nyuma ya kiwanda cha mbao kilichokufa, ukielekea Magamba. Watu wa mjini wanauita jimu ya wazee, na ukichungulia utaona kwa nini: giya za trekta, rimu za lori, ndoo za rangi zilizojazwa zege na kupachikwa kwenye mabomba ya maji. Hakuna kioo hata kimoja. Mimi niliingia pale kwa sababu ya woga. Nilikuwa mwembamba, mikono inatetemeka mteja akinipandishia sauti, na nilidhani nikiwa na mabega mapana mtetemo utapata aibu uondoke. Haukuondoka. Nina mabega sasa, na mtetemo upo.

"Unajua kwa nini tunanyanyua?" aliniuliza siku za mwanzo.

"Ili tuwe na nguvu, Mnyapara."

"Ng'ombe ana nguvu. Jibu jingine."

"Kwa ajili ya afya?"

"Kama ni afya, nenda kale mboga. Sisi tulianza kwa sababu ya maiti."

Alinieleza akiwa amekaa juu ya rimu, anakunywa chai yenye sukari nyingi mpaka kijiko kinasita. Zamani, kwenye mashamba ya chai, walikuja vibarua kutoka kila pembe ya nchi, Waislamu, Wakristo, na wasiosali kokote. Mtu akifa hana ukoo wa kumbeba, na milima hii haina huruma na jeneza. Siku moja jeneza liliwaponyoka wabebaji kwenye mteremko, likabingiria, likapasukia kwenye mwamba, na marehemu akatoka akaendelea kubingiria mbele ya macho yao. Waliomkimbilia kumwokota ndio walioapa kuwa ndugu: kila mmoja atambeba mwenzake. Lakini mdomo unaapa, mgongo unashindwa. Basi wakachagua jiwe la mtoni lenye uzito wa mtu mzima. Anayetaka kuwa ndugu alikumbatie, alizungushe uwanja mzima, alitue bila sauti. Aliyeshindwa aliambiwa akajifue arudi, na anayejifua anahitaji vitu vya kunyanyua.

"Hivi vyuma vyote unavyoviona," alisema, "vilikuja kulisaidia jiwe."

Mimi ni mtu wa kusoma nijiridhishe. Nilisoma kwenye simu, nikarudi kumwambia kwamba hata Ulaya ilikuwa hivyo hivyo, kwamba hata kwa Wajerumani, ambao ndio waliotawala hapa Lushoto enzi zao, vilikuwepo vyama vya mazoezi vyenye bendera, nyimbo na salamu zao, na kwamba sehemu kubwa ya historia ya kunyanyua vitu vizito imepita kwenye undugu wa namna hiyo. Nilikuwa nimejipanga, nilisema vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Walikuwa wanambeba nani?" akauliza.

Nilikwenda kutafuta na sikupata. Swali hilo bado linaniwasha.

Wanaume wanaoshindana kila siku watagombana, na Undugu haukujifanya kwamba hawatagombana. Ila ugomvi wa ndugu haupiganwi baa wala sokoni. Unaletwa uwanjani, ngumi tupu, hakuna kung'ata, hakuna kushika kitu. Ukiisha, aliyeshinda anambeba aliyeshindwa mgongoni mpaka kwao, mchana kweupe, watu wanaona. Anapofika anamwambia mama au mke wa mtu yule kwa mdomo wake mwenyewe: mimi ndiye niliyempiga. Hamtui mpaka aambiwe atue.

Niliiona ikifanyika. Ndugu yetu mmoja, mpakiaji wa kabichi wa Lukozi tuliyemwita Winchi, aligombana na mwenzake juu ya nani alimwachia nani gunia likamwangukia mguuni. Walipigana kama watu wanaochana mbao. Nakumbuka sauti kuliko picha: mfupa ukikutana na nyama, kohozi, vumbi la mbao likinyonya damu. Winchi alimng'oa mwenzake meno ya mbele. Kisha akachuchumaa, tukampandisha yule mtu mgongoni kwake, damu ikimchuruzikia Winchi shingoni, tukaongozana kwenda kwao.

Mama wa aliyepigwa alikuwa anasonga ugali. Alitoka na mwiko.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyempiga."

"Naona! Ulidhani nitasema ni upepo?"

Akaanza kumchapa Winchi na mwiko wenye ugali wa moto, usoni, masikioni, na Winchi amesimama wima, hawezi kujikinga kwa sababu mikono imeshika miguu ya mwanawe.

"Mama, umenipiga mimi sasa," mwanawe akalalamika kule mgongoni, kwa mdomo usio na meno ya mbele.

"Na wewe nyamaza! Umeshindwaje na huyu?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mnyapara hakucheka. Kwenye mambo ya kubeba hakuwahi kucheka, na sababu yake kila mtu wa Magamba aliijua.

Sababu hiyo ilikuwa mtu, na mtu huyo mji mzima ulimwita Abiria.

Walipokuwa vijana walikuwa wapasua mbao pamoja, mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni, msumeno mmoja katikati yao. Kazi hiyo hufanyi na mtu usiyempenda. Siku moja kwenye maziko Abiria aliteleza, upande wake wa jeneza ukagusa ardhi. Mnyapara akamwita goigoi mbele ya wafiwa. Abiria akasema umenisukuma. Wakaenda uwanjani. Walipigana mpaka hakuna aliyekumbuka jeneza, kisha Mnyapara akamkumbatia mwenzake kiunoni kama linavyokumbatiwa jiwe, akamwinua juu ya kichwa, na akamtupa chini.

Abiria alilala chali. Alisema, "Usiniguse. Miguu siisikii."

Wote waliokuwepo waliamini anakwepa aibu ya kubebwa. Ndivyo wengi walivyokuwa wakisema: niacheni, nitatembea mwenyewe. Basi wakamwinua kwa mikono na miguu, wakampachika mgongoni kwa Mnyapara, na Mnyapara akashuka naye ile njia ya mteremko, kila ngazi ya udongo ikimtikisa, kiuno cha mtu yule kikikunjika na kukunjuka, naye akipiga mayowe mpaka sauti ikakatika. Hospitali waliwaambia kwamba uti wa mgongo ulikuwa umevunjika, na kwamba kama angelazwa kwenye ubao na kufungwa asitikisike, labda.

Hiyo labda ndiyo Mnyapara aliyoishi nayo. Mtu asiyejua sheria yetu angemwacha chini, angekimbia kutafuta msaada. Sisi tulimbeba.

Kwa hiyo Mnyapara hakuacha kumbeba. Abiria alikaa kwenye nyumba yake chini ya njia, na msikiti uko juu barabarani, na katikati ni mwinuko ambao pikipiki haiuwezi. Kila Ijumaa Mnyapara alishuka, akachuchumaa mlangoni, akapanda naye. Yeye alikuwa Mlutheri. Alimkabidhi mwenzake ndani, kisha akakaa nje kwenye ngazi, karibu na viatu vya waumini, ngumi zake kubwa zimelala magotini, na hakuna mwizi wa viatu aliyewahi kujaribu bahati yake pale siku ya Ijumaa.

Usidhani yalikuwa mapenzi yanayonyamaza. Abiria alimtukana njia nzima, kwa Kishambaa na kwa Kiswahili, na akimaliza matusi alianza upya.

"Punda, taratibu! Unabeba mtu, hubebi viazi."

"Shika vizuri, Bosi."

"Nikishika vizuri nitakunyonga."

"Ninyonge tukifika juu. Hapa pana utelezi."

Kuna watu wema walimletea Abiria kiti cha magurudumu. Alishukuru sana. Akaomba asukumwe nacho mpaka ukingo wa njia aone bonde, akaomba ashushwe aketi kwenye nyasi, kisha akakisukuma kwa mikono yake miwili kikaenda kikipinduka mpaka kwenye maharage ya watu. Walipomuuliza kwa nini, alimwonyesha Mnyapara kwa kidole. "Mimi miguu ninayo. Ile pale inakunywa chai."

Sitaki kumpamba Mnyapara. Alikuwa mtu wa kupiga. Alimpiga aliyedondosha chuma, aliyechelewa maziko, aliyekuja uwanjani amelewa. Kuna mtu alimfuata kwa utani, akamwambia amcheke kidogo mlemavu wake naye atamnunulia bia, na Mnyapara alimshika vidole akavikunja nyuma mpaka tukavisikia vikivunjika. Mikono hiyo hiyo haikuweza kuchinja kuku. Mkewe alimwita jirani achinje, na Mnyapara aligeuka ukutani, bega limejikunja, mpaka jogoo anyamaze. Alishona machela ya chama kwa sindano ya gunia, mishono imenyooka kiasi kwamba mimi, ninayekagua kila kitu, sikuwahi kupata pa kulalamikia. Alikuwa na sheria zake ndogo alizozirudia mpaka tukaziota. Hatutupi kitu chini. Mtu aliyeanguka haguswi mpaka asogeze vidole vya miguu. Ya pili ndiyo aliyoiongeza kwenye sheria za Undugu baada ya siku ile ya Abiria, na aliisimamia kwa ngumi.

Niliiona sokoni. Nilikuwa mlangoni mwa kibanda changu, bisibisi mkononi, nikasikia kelele za mwizi. Kijana mmoja alikamatwa na pikipiki isiyo yake. Nilipofika alikuwa chini, amejikunja, na watu walikuwa wanampiga kwa zamu kama wanaotwanga, fimbo, mawe, kisigino cha buti. Mama mmoja aliyekuwa anauza pilipili hoho aliacha meza yake, akaja, akampiga teke, akarudi kuuza. Mtu alikuwa anaitisha petroli.

Ilikuwa Ijumaa. Mnyapara alikuwa anatoka kumnunulia Abiria dawa ya kifua, amembeba. Aliingia kwenye umati akiwa na mtu mgongoni, na watu wakapisha kwa mshangao tu.

"Nitue," Abiria akasema. "Nitue uwapige, mbwa hawa!"

Akamtua juu ya magunia ya kabichi, taratibu. Kisha akageuka na kumpiga taya mwenye dumu la petroli. Pigo moja. Yule mtu alikaa chini kama aliyeambiwa kaa. Dumu likamwagika, harufu ikatupanda puani, na kila aliyekuwa na sigara akakumbuka kuizima. Mwingine akamjia na fimbo, Mnyapara akaikamata, akamvuta nayo, akampiga kichwa cha uso. Niliona pua ikilala upande.

"Nani alianza kumpiga huyu?" Mnyapara akauliza. Damu iliyomrukia haikuwa yake. "Aje ambebe kwao. Amwambie mama yake."

Nyuso zilianza kuangalia pengine. Wawili walitaka kusaidia, wakamshika kijana mikono na miguu wamtupe kwenye bodaboda apelekwe polisi. Mnyapara alinguruma. "Mwacheni! Haguswi. Wewe kijana, unanisikia? Sogeza vidole vya miguu."

Kijana hakuwa na uso wa kueleweka tena. Mguu mmoja, usio na kiatu, ulisogeza vidole.

"Na huo mwingine."

Ukakawia. Ukasogea.

"Leteni ubao. Fundi! Acha kutetemeka, njoo ushike kichwa."

Nilipiga magoti kwenye petroli na damu. Alinionyesha: viganja huku na huku, vidole chini ya taya, kichwa na kiwiliwili viwe kitu kimoja. Mikono yangu ilitetemeka mpaka ilipogusa masikio ya yule kijana, kisha ikatulia. Sijui kwa nini. Tulimlaza kwenye ubao wa meza ya nyanya, tukambeba sisi ndugu mpaka hospitali. Aliishi. Juu ya magunia, Abiria alikuwa amejiinua kwa mikono. Alikuwa anaangalia ubao na mikono yangu.

Baada ya siku hiyo Mnyapara alibadilisha mazoezi yangu. Akaninyang'anya vyuma. Akanibebesha gunia lenye madumu ya maji yasiyojaa, linalohama kila ukipiga hatua, akanipandisha nalo njia ya msikitini, yeye nyuma yangu, akinitukana kwa sauti ya Abiria aliyoiiga vizuri kupita kiasi. "Punda kijana! Hata kutembea umejifunza kwenye simu?" Nilikasirika. Nilihesabu pumzi zangu, nikatafuta mkao sahihi wa kiuno, nikataka kila hatua ifanane na iliyopita.

"Acha kutafuta hatua nzuri," akasema. "Chuma kinakaa unavyokitaka. Mtu anageuka, anakohoa, anakuchukia. Mfuate yeye."

Hakuzunguka maneno. Aliniambia siku hiyo hiyo, tukiwa tumekaa ukingoni, ukungu unapanda kutoka bondeni. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Akishuka ngazi alishuka kinyumenyume. Alitaka mimi nimbebe Abiria, na hofu yake pekee duniani ilikuwa kwamba siku moja atamdondosha.

"Kufa siogopi," alisema. "Kumtupa tena, hapana. Sitaweza."

Tulikwenda kwa Abiria. Alikuwa amekaa mlangoni anamenya mihogo, mikono yake minene kama ya mtu aliyetambaa miaka mingi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Umekuja kutengeneza simu? Sina simu."

"Amekuja kukubeba," Mnyapara akasema. "Kuanzia Ijumaa."

Abiria alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akacheka. "Huyu? Huyu amenipiga lini?"

"Bosi, magoti yangu..."

"Sheria ni yenu, si yangu. Anayepiga ndiye anayebeba. Wewe ulinipiga. Huyu hajanipiga, atanibebaje?"

Mnyapara aliinama akajisugua magoti. Nilimsikia anapumua kwa mdomo. Kisha akanigeukia na kusema kitu ambacho nilidhani sikusikia vizuri.

"Mpige."

"Nini?"

"Mpige kofi, Fundi. Moja tu. Tumalize."

"Njoo!" Abiria akapiga kelele, amefurahi kabisa, akageuza shavu. "Njoo, mtoto mzuri! Hapa, penye ndevu! Au nilale chini ikurahisishie?"

"Mpige, nimekwambia!" Mnyapara akanishika mkono wangu, akauinua yeye mwenyewe. Nilihisi nguvu zake zote kwenye kifundo changu, na chini ya nguvu hizo nilihisi mtetemo, nikadhani ni wangu. Haukuwa wangu. Nilimtazama usoni. Alikuwa analia, bila sauti, hasira tupu.

Sikuweza. Niliuvuta mkono wangu na kurudi mjini, nikafungua simu ya mteja na kuifunga na kuifungua.

Ijumaa iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilifunga kibanda mapema, nikaenda kuwafuata, kwa sababu nilijua atakwenda tu. Nilikuwa juu yao kwenye njia nilipowaona wanapanda, Abiria amevaa kanzu, mwavuli mkononi, anawakinga wote wawili, anatukana. Kisha goti la Mnyapara likakunjika upande ambao goti halikunjiki. Niliona. Alikuwa na nafasi ya kumwachia mtu wake na kushika mti. Hakumwachia. Aligeuka angali anaanguka, akampeleka Abiria juu na kujiweka yeye chini, akapiga nyonga na kichwa kwenye mwamba, na sauti ile ilinifikia huko juu kabla mwavuli haujaacha kubingiria.

Nilishuka kwa matako zaidi kuliko kwa miguu. Mnyapara alilala chali, macho wazi, damu inatoka sikioni, mguu umelala vibaya. Abiria alikuwa ameangukia juu yake na tayari alikuwa anatambaa kwa viwiko, kanzu yote matope, akielekea kichwani. Mimi niliinama nimwinue Mnyapara. Nilikuwa nimeshapitisha mikono chini ya makwapa.

Ngumi ya Abiria ilinipata mdomoni. Nilianguka nyuma.

"Usimguse!" alipiga yowe. "Haguswi! Utamuua, mjinga wewe! Ubao! Kalete ubao!"

Akakichukua kichwa cha Mnyapara katikati ya mapaja yake yasiyohisi kitu, viganja huku na huku, vidole chini ya taya. Alikuwa ameona sokoni, juu ya magunia.

"Punda," akasema, taratibu sasa. "Punda wangu. Sogeza vidole."

Hakuna kilichosogea. Nilikimbia. Niling'oa mlango wa choo cha jirani bila kuomba, nikawaita ndugu, Winchi akaja na wengine na machela. Tuliporudi Abiria alikuwa hajabadilisha mkao hata kidogo, mvua inampiga, mikono yake imekakamaa kwenye kile kichwa mpaka ikabidi Winchi amfungue kidole kimoja kimoja. Walimbeba Mnyapara. Nikabaki na Abiria njiani, mdomo wangu umepasuka.

"Na wewe, mzee?" nikauliza. "Tusubiri machela irudi?"

"Vidole vyangu havijasogea siku nyingi, Fundi. Inama."

Nikainama. Njia nzima hakunitukana.

Mnyapara alirudi nyumbani kutoka hospitali, lakini hakusimama tena. Kwa siku nyingi Abiria alikataa kwenda kumwona. Alinituma kuuliza anakula nini, na nikimjibu anasonya. Msikitini sasa nilimpandisha mimi. Kisha Ijumaa moja, baada ya sala, nilipochuchumaa nje, alinipiga kisogoni na kuelekeza kidole upande wa pili. "Kule."

Mke wa Mnyapara alikuwa jikoni anakoroga uji. Niliingia na Abiria chumbani, nikamketisha kwenye kitanda, ubavuni. Mtu aliyekuwa amelala pale alikuwa mifupa ya Mnyapara, mifupa mikubwa. Ngumi zilikuwa zimelala juu ya blanketi kama vitu vilivyosahauliwa na mgeni. Walitazamana. Nilitaka kutoka, nikatafuta namna sahihi ya kutoka, sikuipata.

"Umechelewa, Bosi," Mnyapara akasema.

Abiria alimpiga. Si kofi la mchezo. Ngumi, kwenye taya, kichwa kikageukia ukutani na mto ukasogea. Mke akaja mbio na mwiko mkononi, uji unadondoka sakafuni.

"Kuna nini humu?"

"Shemeji," Abiria akasema, na sauti yake ikakwama, akaanza tena. "Shemeji, mimi ndiye niliyempiga."

Mama yule alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameishi na Undugu muda mrefu kuliko sisi sote.

"Nimesikia," akasema. "Haya, mbebe basi. Anywe uji."

Kitandani Mnyapara alikuwa anacheka, meno yana damu kidogo. Ndiyo mara pekee nilimwona anacheka juu ya jambo hilo.

"Nibebe, Bosi. Sheria ni sheria."

"Kwanza sogeza vidole," Abiria akasema.

Tukaangalia upande wa miguuni, mwisho wa blanketi, sote wanne. Ilichukua muda. Kisha blanketi likainuka kidogo, upande mmoja, likashuka.

Abiria akapitisha kiganja chini ya kisogo cha Mnyapara, akakiinua kichwa kile taratibu kutoka kwenye mto, na akakishikilia.